Ndege wa Nyika na Ardhi Iliyopumzishwa

Mtu asikiapo habari za ndege wa nyika, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye nchi tupu isiyolimwa wala kukaliwa, ambako majani huota yenyewe na wanyama hupita wapendavyo. Katika Kiswahili neno nyika lina maana hiyo hiyo: ni nchi kavu ya bara, yenye majani na vichaka, iliyo mbali na makonde na miji. Lakini ziko nyika nyingine duniani zilizofanywa na jembe la mkulima na meno ya kondoo wake, zikadumu kwa karne nyingi kwa sababu watu waliendelea kuzilima kwa desturi moja. Ndege waliohamia humo wamezoea kazi za shamba hata wakawa hawawezi kuishi bila ya hizo.

Nyika za namna hiyo ziko katika rasi ya Iberia, yaani katika nchi za Hispania na Ureno, kusini magharibi mwa Ulaya. Makala haya yanaeleza ndege hao ni akina nani, kilimo gani kiliwalea, kwa nini idadi yao inapungua, na ni mambo gani yaliyofanywa ili kuwahifadhi. Mfano utakaofuatwa zaidi ni ule wa Castro Verde, wilaya ya mashamba makavu iliyo kusini mwa Ureno, kwa kuwa huko jaribio la kuwahifadhi lilianza mapema, likafaulu kwa kiasi kikubwa, kisha likaonyesha pia mipaka yake.

Nchi na kilimo chake

Kusini ya mto Tejo nchi ya Ureno huitwa Alentejo. Sehemu yake ya chini, penye Castro Verde, ni uwanda wa mawimbi madogo madogo, wenye miti michache. Udongo wake ni mwembamba, na chini yake pana mwamba wa mawe ya tabaka tabaka. Mvua hunyesha wakati wa vuli na wa baridi; wakati wa kiangazi haipo kabisa, na joto laweza kupita nyuzi 40 za sentigredi.

Mwaka 1929 serikali ya Ureno ya wakati ule ilianzisha kampeni kubwa ya ngano, ikitaka nchi ijilishe yenyewe pasipo kununua nafaka ng'ambo. Miti ilikatwa, na ardhi ambayo haikuwa imepata kulimwa ikapasuliwa. Katika miaka michache ilionekana wazi kwamba udongo ule haukuweza kuzaa ngano mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo wakulima walishika zaidi desturi ya kale ya kulima kwa zamu. Mwaka wa kwanza hupandwa ngano. Mwaka wa pili hupandwa nafaka isiyodai mengi, kama vile shayiri. Halafu shamba huachwa lipumzike miaka miwili au mitatu, majani yakaota, kondoo wakalishwa humo na kulitia samadi. Baada ya hapo trekta hurudi, na zamu huanza upya.

Ardhi iliyopumzishwa hivyo Wareno huiita pousio. Neno hili lina shina moja na kitenzi pousar, ambacho maana yake ni kupumzika, na pia ni kutua, kama ndege atuavyo chini. Lugha ya Kireno, ambayo Kiswahili kilikopa kwayo maneno kama meza na leso, imeweka mambo mawili katika neno moja bila ya kukusudia: mahali ardhi ipumzikapo ndipo ndege atuapo.

Maana, mtu akitazama kilimo hicho kutoka juu, ataona nchi kama mkeka wa rangi nyingi. Hapa pana ngano iliyosimama. Pale pana mabua yaliyobaki baada ya mavuno. Kando yake pana shamba la mwaka mmoja wa mapumziko, lenye majani mafupi na maua. Na mbele yake la mwaka wa tatu, lenye majani marefu zaidi. Mwaka ujao rangi zitabadilishana mahali, lakini mkeka utabaki ule ule. Kila kipande kina kazi yake katika maisha ya ndege, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na kipande kingine.

Ndege wenyewe

Aliye mashuhuri kupita wote ni tandawala mkuu wa Ulaya, ambaye wataalamu humwita Otis tarda. Ni mmoja wa ndege wazito kabisa wawezao kuruka: dume aweza kufikia kilo 15 na hata kuzidi, na jike huwa na kilo 4 au 5 tu. Zamani alienea kutoka Uingereza hadi nyika za Asia. Uingereza alitoweka katika karne ya 19, na jitihada za kumrudisha huko, katika uwanda wa Salisbury, zilianza mwaka 2004. Siku hizi zaidi ya nusu ya tandawala hawa wote duniani wamo katika Hispania peke yake.

Wakati wa masika ya Ulaya madume hukusanyika katika uwanja mmoja, ule ule wa kila mwaka, na huko kila mmoja huyageuza manyoya yake hata akaonekana kama furushi jeupe linaloonekana toka mbali. Majike huja, huchagua, kisha huondoka kwenda kutaga. Dume hana sehemu yoyote katika ulezi. Jike hutaga mayai mawili au matatu chini kabisa, bila ya kujenga tundu, aghalabu katikati ya ngano au katika majani ya shamba lililopumzishwa. Kwa kuwa majike hupenda kurudi karibu na mahali walipozaliwa, uwanja ukishavunjika ni vigumu sana kuupata tena.

Wa pili ni tandawala mdogo, Tetrax tetrax, ambaye ukubwa wake ni kama wa kuku mdogo. Dume wake huimarisha eneo lake kwa kutoa mlio mfupi mkavu na kuruka juu kidogo akipiga mbawa zake nyeupe. Apate kuonekana, yampasa kusimama penye majani mafupi; lakini jike ataka majani marefu zaidi kidogo, ya kumficha pamoja na mayai yake. Shamba lililopumzishwa na kulishwa kondoo kwa kiasi huwa na hali zote mbili katika eneo moja. Vifaranga wake, kama wale wa tandawala mkuu, hawawezi kukua kwa majani. Katika wiki zao za mwanzo hutegemea panzi na dudu wengine. Pasipo na panzi, hapana vifaranga.

Wako pia ndege mbuai. Kozi mdogo, aitwaye Falco naumanni, huishi kwa makundi na kutaga katika matundu ya kuta za nyumba kuukuu na magofu ya mashambani, naye huwinda panzi na nyenje juu ya mashamba yaliyo wazi. Kipanga wa mashamba, aitwaye Circus pygargus, hufanya kiota chake chini, ndani ya ngano au shayiri iliyosimama. Huyu amejitia katika hatari ya pekee, kwani usalama wa makinda yake unategemea tarehe ya mavuno: wakipata kuruka kabla ya mashine kufika, watapona, wakichelewa, hawana bahati.

Mashamba yakabadilika

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba adui wa ndege hawa ni bunduki, na hapana shaka ilikuwa mojawapo ya adui zao. Hispania ilipiga marufuku kumwinda tandawala mkuu mwaka 1980, na marufuku hiyo ilisaidia. Lakini baadaye ilionekana kwamba jambo kubwa zaidi ni mabadiliko ya kilimo chenyewe, nayo hayakuweza kukatazwa kwa amri moja.

Hispania na Ureno ziliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986. Tangu hapo mkulima wa nchi kavu alijikuta akishindana na mkulima wa nchi zenye rutuba na mvua, na bei ya nafaka yake haikumtosha. Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa mbili. Penye udongo mzuri au maji, alizidisha nguvu: alilima kila mwaka, akatia mbolea na dawa za kuua wadudu na magugu, au akaacha nafaka na kupanda mizeituni na milozi. Penye udongo mbaya aliacha kulima kabisa, au alipanda miti ya mbao. Njia hizi mbili ni kinyume katika hesabu za mkulima, lakini kwa ndege wa nyika matokeo yake ni mamoja, kwa kuwa zote mbili huondoa majani mafupi ya shamba lililopumzika.

Maji yaliongeza kasi ya mambo. Katika Alentejo bwawa kubwa la Alqueva, katika mto Guadiana, lilifungwa milango yake mwezi wa Februari 2002, na tangu hapo makumi ya maelfu ya hektari yaliyokuwa ya nafaka yamekuwa mashamba ya mizeituni na milozi iliyopandwa kwa safu za karibu karibu na kutiwa maji kwa mabomba. Katika uwanda wa Lleida, huko Katalonia, ulichimbwa mfereji wa Segarra-Garrigues ili kutia maji mashamba makavu. Na mwezi wa Desemba 2007 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Hispania imevunja sheria ya kuhifadhi ndege kwa kuuruhusu mradi huo pale walipokaa ndege wa nyika. Si rahisi kuwalaumu wakulima waliotaka maji. Kwa mtu aliyelima shayiri maisha yake yote akiitazama mbingu, mfereji ni neema.

Liko jambo jingine lililotokea bila ya kukusudiwa. Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya, ikiona nafaka imezidi ghalani, iliwalazimisha wakulima wakubwa kuacha sehemu ya ardhi yao bila ya kupandwa. Sharti hili lilitungwa kwa ajili ya bei, wala halikuwa na habari ya ndege. Lakini ndege walipata humo ardhi iliyopumzishwa. Mwaka 2008 bei ya nafaka ilikuwa imepanda, na sharti likafutwa. Wataalamu wawili wa Hispania, Juan Traba na Manuel Morales, walichapisha uchunguzi mwaka 2019 ulioonyesha kwamba katika muda wa miaka 15 hivi Hispania ilipoteza hektari zipatazo milioni 1.1 za ardhi iliyopumzishwa, na kwamba kupungua kwa ndege wa mashambani kulikwenda sambamba na upotevu huo.

Kazi iliyofanywa Castro Verde

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uwanda wa Castro Verde ulikabiliwa na hatari ya kupandwa mikaratusi kwa ajili ya viwanda vya karatasi. Chama cha kuhifadhi maumbile kiitwacho Liga para a Protecção da Natureza, ambacho ni cha zamani kupita vyote vya aina yake katika Ureno, kilitafuta njia ya kuizuia. Tangu mwaka 1993, kwa msaada wa fedha za Ulaya, chama kilinunua mashamba kadhaa katikati ya uwanda ule. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba kilipokwisha kuyanunua hakikuyafunga. Yaliendelea kulimwa kwa zamu, na kondoo wakaendelea kulishwa humo, kwani wenye chama walijua ya kuwa shamba likiachwa kabisa litaota vichaka katika miaka michache, na tandawala watalihama.

Walakini chama hakiwezi kununua uwanda mzima. Kwa sababu hiyo, mwaka 1995, uliwekwa mpango maalumu wa serikali na Ulaya kwa wilaya hiyo. Mkulima aliyekubali kwa hiari yake kuingia katika mpango alilipwa kwa kila hektari, naye alifungwa na masharti: kufuata zamu ya nafaka na mapumziko, kutozidisha idadi ya mifugo, kutolima wala kukata majani wakati ndege wanapoatamia, na kupanda sehemu ndogo ya mazao yatakayoachiwa viumbe wa porini. Mwaka 1999 uwanda ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi ya ndege kwa sheria ya Ulaya, nalo lina zaidi ya hektari 80,000. Kupanda misitu na kujenga ovyo kulizuiwa humo. Mwaka 2017 UNESCO iliitia Castro Verde katika orodha yake ya hifadhi za viumbe na mazingira, si kwa ajili ya ndege peke yao, bali kwa ajili ya kilimo kilichowatunza.

Matokeo yalionekana. Tandawala wakuu wa Castro Verde waliongezeka hata wakapita elfu moja, wakawa sehemu kubwa ya wote walio Ureno. Kozi mdogo, ambaye katika nchi nzima ya Ureno alikuwa amebaki jozi mia na nusu hivi mwaka 1996, alipatiwa makao mapya: vyungu vya udongo vilitundikwa kwenye kuta za nyumba kuukuu, na kuta nyingine na minara midogo yenye matundu ikajengwa mahususi kwa ajili yake. Katika muda wa miaka 10 hivi jozi zilizidi mara tatu. Ikumbukwe kwamba vyungu peke yake visingefaa kitu kama pasingekuwa na panzi wa kuwindwa katika mashamba ya jirani.

Huko Ufaransa ya magharibi pia walifuata njia kama hiyo. Tandawala mdogo alikuwa amepungua huko kwa zaidi ya tisa katika kila kumi tangu mwisho wa miaka ya 1970. Katika uwanda ulio karibu na Chizé wakulima walilipwa wapande majani ya luserni kwa ajili ya mifugo na wayaache bila ya kukatwa katika majira ya kutaga. Panzi wakaongezeka, vifaranga wakapata chakula, na kupungua kwa ndege katika uwanda ule kukazuiliwa.

Mipaka ya ushindi

Lau habari ingekomea hapo, ingekuwa habari njema tu. Lakini hesabu za tandawala mdogo zilizofanywa Ureno zimewatia wataalamu wasiwasi mkubwa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 madume yalikadiriwa kuwa 17,500 hivi. Mwaka 2016 yalikuwa yamebaki 8,900 hivi. Mwaka 2022 hayakuzidi sana 3,900. Yaani katika muda usiotimia miaka 20 zaidi ya robo tatu zilipotea. Hata ndani ya maeneo ya hifadhi ndege hawa walipungua, ambako mizeituni haikuruhusiwa kuenea. Kipanga wa mashamba naye amepungua sana.

Sababu yake haikuwa ya siri. Kuanzia mwaka 2005 Ureno ilifuata utaratibu mpya wa malipo ya Ulaya. Mkulima wa nafaka alilipwa hata kama hakupanda nafaka, lakini mwenye ng'ombe wa kuzaa aliendelea kulipwa kwa kila ng'ombe aliye naye. Basi wakulima wengi waliacha ngano na kondoo wakafuga ng'ombe, nao walifanya hivyo kwa hesabu iliyo sawa kabisa. Ng'ombe hawahitaji mchungaji kila siku, na wachungaji wa kondoo wamekuwa adimu kadiri vijana wanavyokwenda mijini. Pale palipokuwa na mkeka wa rangi nyingi pakawa na malisho ya kudumu ya rangi moja, yaliyogawanywa kwa nyua za seng'enge. Na shayiri iliyoendelea kupandwa aghalabu haikungojewa ikomae. Ilikatwa mbichi mwezi wa Mei ili iwe majani makavu ya ng'ombe. Mwezi wa Mei ndipo majike wanapoatamia. Jike wa tandawala mdogo, akiona hatari, hulala kimya juu ya mayai yake, kwani ndivyo alivyookoka na mbweha tangu zama za kale. Mashine ya kukata majani haina macho ya mbweha wala haipiti kando.

Hatari ya pili ni nyaya za umeme. Tandawala ni wazito, hawawezi kukata kona kwa ghafula, na wengi hufa kwa kugonga nyaya. Mwaka 2010 wataalamu Graham Martin na Jessica Shaw walichapisha uchunguzi juu ya macho ya tandawala wa Afrika, Ardeotis kori, ambaye ni ndege yule yule aonekanaye akitembea kwa madaha katika mbuga za Serengeti. Waligundua kwamba sehemu aionayo mbele ni nyembamba, na kwamba akiruka na kuinamisha kichwa kidogo tu ili atazame ardhi, haoni kabisa kilicho mbele yake. Ndege aliyeumbwa kuishi katika anga tupu hakuwa na haja ya kutazama mbele. Kwa hiyo alama zinazotundikwa juu ya nyaya husaidia kwa kiasi, lakini dawa iliyo bora ni kutopitisha nyaya hizo katika viwanja vyao tangu mwanzo. Neno hilo lawahusu pia wapangao njia za umeme katika nchi za Afrika ya Mashariki.

Hatari ya tatu ni joto. Dume wa tandawala mdogo hucheza ngoma yake ya uchumba asubuhi na jioni, na joto likizidi huacha na kutafuta kivuli. Kadiri masika yanavyozidi kuwa ya joto, saa zake za kucheza zinapungua.

Tena ndege wengine wa uwanda huu hawaishi huko mwaka mzima. Kozi wadogo wa Iberia huvuka jangwa la Sahara kila mwaka na kukaa Afrika ya Magharibi. Mwezi wa Januari 2007 palionekana Senegal mahali pamoja pa kulala kozi hao zaidi ya 28,000. Ndugu zao watokao Ulaya ya mashariki na Asia hupita Kenya na Tanzania kwa makundi, wakifuata kumbikumbi na panzi baada ya mvua. Vivyo hivyo baadhi ya kipanga wa mashamba watokao mashariki hukaa majira ya baridi katika mbuga za Afrika ya Mashariki. Mkulima wa Castro Verde akilipwa kuacha shamba lake lipumzike, amelinda nusu tu ya mwaka wa kozi. Nusu ya pili imo mikononi mwa wachungaji na wakulima wa Afrika, ambao hakuna awalipaye.

Nani alipe?

Mambo haya yote yarudi kwenye swali moja. Zamani ardhi ilipumzishwa kwa sababu haikuwapo njia nyingine. Umaskini wa udongo ndio uliowalisha ndege, wala hakuna aliyetoa gharama. Leo mkulima anazo njia nyingine. Chukua mtu mwenye hektari mia moja. Akiacha hamsini zipumzike, anajinyima mapato ya hamsini. Jirani yake aliyeweka ng'ombe au kupanda mizeituni anajenga nyumba mpya na kumsomesha mwanawe. Ikiwa watu wa mijini, waliofika kumtazama tandawala kwa darubini, wataka mkulima huyo aendelee na zamu ya babu zake, haki yadai kwamba gharama iwe yao pamoja naye.

Malipo yaliyowekwa mwaka 1995 yalifanya kazi kwa muda ambao yalikaribia hasara hiyo. Malipo ya ng'ombe yalipoyazidi, mkulima alihama, na ndege wakahama pamoja naye. Kilichovunjika hapo ni hesabu ya shamba. Sheria ya hifadhi iko pale pale katika vitabu, na mipaka ya eneo iko katika ramani. Wataalamu wengi sasa wanashauri kwamba malipo yafuate matokeo na yapimwe upya kila mara bei zinapobadilika. Kwamba tarehe ya kukata majani icheleweshwe na mkulima alipwe tofauti ya ubora wa majani yake. Na kwamba ufugaji wa kondoo usaidiwe angalau kama ule wa ng'ombe.

Ndege huchukua muda kurudi. Dume wa tandawala mkuu hapati kushindana uwanjani mpaka afikie miaka minne au mitano, na uwanja uliovunjika waweza kubaki mtupu hata kama majani yake yamestawi tena. Mkulima naye huchukua muda kurudi. Mchungaji aliyeuza kondoo wake na kuhamia mjini hamfundishi mwanawe kuchunga, na mizeituni iliyopandwa leo haitang'olewa mwaka ujao kwa sababu bei ya shayiri imepanda. Kwa hiyo kila zamu moja ya ngano na mapumziko inayopita bila ya kurudiwa katika mashamba ya Castro Verde huwapunguzia ndege uwanja, na huwapunguzia watu wale walio bado hai wanaojua namna ya kuulima.